Ken Uston: Msomi wa Harvard aliyefukuzwa kasino kwa kosa la kukumbuka karata

Kila kijiwe cha karata kina mtu wake. Pale Ipogolo, ukishateremka kutoka Iringa mjini hadi barabara kuu, malori ya Tunduma yamepaki na bodaboda wanasubiri abiria, ikipigwa arubastini hakosekani jamaa mmoja ambaye hakuna anayetaka kumpata kama mpinzani. Karata anazopewa ni za kawaida tu. Ila anakumbuka. Anajua turufu ngapi zimeshatoka, anajua ree ya kopa bado haijaonekana, na anasubiri kimya kimya mpaka wenzake wajisahau.

Kijiweni mtu kama huyo anaheshimiwa, sana sana atataniwa kwamba ni mchawi. Kwenye kasino, walinzi wanakuja kumtoa nje.

Mtu aliyetolewa nje mara nyingi mpaka akaipeleka kasino mahakamani, na akashinda, ni Mmarekani Ken Uston. Alifariki mwaka 1987, lakini wachezaji wa mchezo wa 21 duniani bado wanalitaja jina lake, na wenye kasino pia, ingawa hao hawalitaji kwa furaha.

Mtoto wa Mjapani

Jina alilopewa alipozaliwa New York, Januari 12, 1935, ni Kenneth Senzo Usui. Baba yake alikuwa Mjapani na mama yake alitokea Austria. Jina la Usui halikuwa jepesi kulibeba Marekani miaka ile. Mtoto alikuwa hajatimiza hata miaka 7 Japan iliposhambulia Pearl Harbor, Desemba 1941. Baadaye jina likageuka kuwa Uston.

Kichwa chake kilijulikana mapema. Akiwa na miaka 16 tu, umri ambao wengi wetu tunahangaika na mitihani ya sekondari, aliingia Chuo Kikuu cha Yale. Baadaye akaenda Harvard kuchukua shahada ya uzamili ya biashara. Alifanya kazi kwenye kampuni ya simu, kwenye kampuni ya ushauri, kwenye kampuni ya saruji, na mwisho akawa makamu wa rais mwandamizi wa Soko la Hisa la Pasifiki, San Francisco. Suti, ofisi, mshahara mnene. Muda wa ziada alipiga muziki wa jazi.

Mtu wa namna hiyo akiacha kazi, ndugu wanaitisha kikao. Uston aliacha, na aliacha kwa ajili ya karata.

Kitabu cha mwalimu wa hesabu

Ili kuelewa kilichomvuta, inabidi turudi nyuma kidogo. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 mwalimu wa hesabu anayeitwa Edward Thorp alitumia kompyuta ya IBM, zile zilizojaza chumba kizima, kuuchambua mchezo wa 21. Mwaka 1962 akatoa kitabu kilichoonyesha kwamba kasino inaweza kushindwa mezani bila mchezaji kuiba chochote wala kuificha karata kwenye mkono wa shati.

Mchezo wenyewe unajulikana. Unapewa karata, unajumlisha, unataka kukaribia 21 bila kuzidi. Ukizidi umekwisha. Anayegawa karata kwa niaba ya kasino hana uamuzi wowote: akiwa na 16 au chini yake ni lazima aongeze karata, atake asitake.

Sasa angalia tofauti. Kwenye mashine ya dubwi, ukizungusha mara mia ukapoteza zote, mzunguko wa mia na moja haukukumbuki. Unaanza upya kama vile hujawahi kuingia mlangoni. Karata za mezani hazipo hivyo. Pakiti ina karata 52, na karata ikishatoka haitarudi mpaka zichangwe upya. Zikitoka ndogo nyingi mwanzoni, maana yake zilizobaki zimejaa kubwa: kumi, zile zenye picha, na ree.

Karata kubwa zikibaki nyingi, mambo yanamgeukia mchezaji. Akipata ree na kumi kwa mpigo, kwa kanuni za zamani dau la shilingi 10,000 lilikuwa linamlipa 15,000. Mgawaji akipata hivyo hivyo, anachukua zile 10,000 tu. Halafu yule mgawaji aliyelazimishwa kuongeza akiwa na 16 anapokutana na karata kubwa, anapasuka.

Namna ya kufuatilia ni rahisi kuieleza. Kwenye mfumo unaotumika sana, kila ikitoka karata ya 2 mpaka 6 unaongeza moja kichwani. Ikitoka 7, 8 au 9 unaiacha ipite. Ikitoka kumi, picha au ree unapunguza moja. Hesabu ikipanda, ongeza dau. Ikishuka, weka kidogo au nyanyuka ukanywe soda.

Mtoto wa darasa la tatu anaweza kuielewa. Ndiyo maana swali linalofuata lina uzito: kama ni rahisi hivyo, mbona kasino hazijafilisika?

Hofu ya 1964

Kasino zenyewe ziliogopa mwanzoni. Aprili 1964 kasino za Las Vegas zilibana kanuni za mchezo wa 21 kwa kumhofia Thorp na wasomaji wake. Wateja wa kawaida wakachukia, meza zikabaki tupu, na baada ya wiki chache kanuni za zamani zikarudishwa.

Kilichotokea baada ya hapo hakuna aliyekitabiri. Watu waliosoma kitabu, na wengi zaidi waliosikia tu kwamba kuna kitabu, walijazana mezani wakiamini kwamba mchezo unafungika. Mchezo wa 21 ukapata umaarufu mkubwa kwenye kasino za Marekani. Na wale wateja wapya wengi wao walipoteza, kwa sababu kusoma kuhusu kuogelea na kuuvuka Mto Ruaha wakati wa masika ni vitu viwili tofauti.

Kwa hiyo kasino ziligundua kitu muhimu. Habari ya kwamba mchezo unashindika inaleta wateja. Anayeushinda kweli ni mmoja mmoja, na huyo mmoja unaweza kumshughulikia.

Kwa nini wako wachache

Hapa ndipo wengi wanapotea, hata leo, wakitazama video za dakika moja kwenye simu.

Anayecheza kwa kufuata kanuni bora bila kuhesabu, kasino bado inamzidi kama nusu asilimia. Anayehesabu vizuri, bila kukosea, anaizidi kasino kwa asilimia moja hivi. Moja! Tuiweke kwenye hela yetu. Chukua dau la shilingi 10,000, cheza mizunguko 1,000, ambayo inaweza kukuchukua saa kama 15 za kukaa mezani. Faida unayotegemea kwa wastani ni shilingi 100,000.

Lakini wastani ni neno la darasani. Kwenye mizunguko hiyo 1,000, pesa yako inapanda na kushuka kwa kiasi cha shilingi 360,000 hivi juu au chini ya huo wastani bila mtu yeyote kukosea kitu. Ukipiga hesabu ya makadirio, kati ya watu 10 wanaocheza kwa ustadi huo huo, karibu 4 wataamka wakiwa wamepoteza. Hawajakosea. Wamefanya kila kitu sawasawa na bado mfuko umetoboka.

Sasa mtu huyo aliyepoteza anatakiwa arudi kesho, aweke dau kubwa zaidi hesabu ikipanda, asitetemeke, asilipize hasira, asinywe pombe ya bure anayoletewa. Ahesabu karata za meza nzima huku muziki unapigwa, huku jirani anamsimulia habari za ndoa yake, huku msimamizi wa meza anamkodolea macho. Anatakiwa aweze kupitia pakiti nzima kwa chini ya nusu dakika na jibu liwe sahihi. Halafu uso wake uonekane kama wa mtu asiyejua anachofanya.

Kujua hesabu wanajua wengi. Wenye hesabu, mtaji, moyo mgumu na uso wa kuigiza kwa wakati mmoja ndio adimu.

Uston alikuwa navyo vyote, isipokuwa mtaji na timu. Hivyo alivipata kwa mtu mwingine.

Bosi na vijana wake

Katikati ya miaka ya 1970 Uston alikutana na Al Francesco, mcheza karata wa kulipwa wa California. Francesco alikuwa ameshaona tatizo kubwa la anayehesabu: kinachomtaja ni dau lake. Mtu akiweka kidogo kwa nusu saa halafu ghafla akarusha mara kumi, msimamizi wa meza haitaji shahada kujua kinachoendelea.

Suluhisho la Francesco lilikuwa kugawana kazi. Vijana kadhaa wanatawanyika kwenye meza tofauti, kila mmoja anahesabu na kuweka dau lile lile dogo usiku kucha. Hawaongezi, hawapunguzi, hakuna anayewatazama mara mbili. Meza ikiiva, kijana anatoa ishara ndogo ya mwili. Hapo anatokea Bosi, mtu anayeonekana ana hela za kuchezea, anapita kama amepotea njia, anaweka dau kubwa, anashinda, na hesabu ikishuka anahamia meza nyingine. Kwa macho ya kasino ni tajiri mwenye bahati asiyetulia sehemu moja. Na matajiri wasiotulia ndio wateja ambao kasino inawapenda kuliko wote.

Uston alianza kama kijana wa kuhesabu mezani. Haikuchukua muda akapandishwa kuwa Bosi, na nafasi hiyo ilimkaa kama suti ya kushonesha. Mtu aliyezoea vikao vya soko la hisa alijua namna ya kutembea na pesa bila kuziogopa. Alijichangamsha, alipiga kelele, alijifanya mlevi. Las Vegas ikampenda, ikampa vyumba na chakula cha bure, na timu ikawa inaondoka na pesa.

Mpaka walipogundulika. Uston akaanza kuonyeshwa mlango.

Kitabu kilichovunja urafiki

Mwaka 1977 Uston akishirikiana na mwandishi Roger Rapoport alitoa kitabu kilichoeleza mfumo mzima wa timu: Bosi, ishara, meza, kila kitu. Kitabu kilimpa jina. Kiliwapa pia wenye kasino maelekezo kamili ya nini cha kutafuta.

Kwa Francesco huo ulikuwa usaliti. Mfumo ulikuwa wake, vijana walikuwa wake, na sasa ulipata kuuzwa kwenye maduka ya vitabu kwa kila mlinzi wa Nevada. Kazi ya timu ile mjini Las Vegas ikawa imeisha.

Wanaompenda Uston huwa wanaipita haraka sehemu hii ya maisha yake, na hilo si haki kwa wale waliokaa mezani miezi na miezi wakiweka dau dogo ili yeye aonekane tajiri. Jina lake linajulikana leo kwa kiasi kikubwa kwa sababu aliandika. Wenzake hawajulikani kwa sababu walinyamaza, na kunyamaza ndiko kulikokuwa kunawalisha.

Kuna jaribio jingine la miaka hiyo hiyo. Fundi wa vifaa vya elektroniki, Keith Taft, alitengeneza kompyuta ndogo ya kuvaa mwilini, ambayo mtu aliiingizia karata kwa kubonyeza na vidole vya miguu ndani ya viatu. Uston akaingia kwenye mpango huo pia. Nevada ilikuja kupiga marufuku vifaa vya namna hiyo kwa sheria mwaka 1985. Kuhesabu kwa kichwa kitupu hakukuwahi kuwa kosa la jinai kule, na mpaka leo si kosa.

Ila kutokuwa kosa hakumaanishi unaruhusiwa kukaa. Kwa Nevada, kasino ni mali binafsi, na mwenye mali anaweza kumwambia mtu aondoke. Uston alifungua kesi dhidi ya kasino za huko na hakufika nazo mbali. Akirudi akiwa ameshakatazwa, anakuwa mvamizi. Mara moja, mjini Reno, mlinzi alimpiga ngumi ya uso ikamvunja mifupa.

Akaanza kujificha. Ndevu za bandia, wigi, miwani, mavazi ya kibarua wa ujenzi. Mhitimu wa Yale na Harvard, mtu wa soko la hisa, anaingia kasino na kofia ngumu kichwani ili akubaliwe kucheza mchezo uliotangazwa nje kwa taa za rangi kwamba wote mnakaribishwa.

Siku tisa za Atlantic City

Mei 1978 kasino ya kwanza halali ya Marekani nje ya Nevada ilifunguliwa Atlantic City, jimbo la New Jersey, kwenye hoteli ya Resorts International. Kanuni zake zilikuwa nzuri kwa mchezaji. Uston akakusanya timu, akahamia huko.

Januari 1979, kwa hesabu aliyoiandika yeye mwenyewe baadaye, timu yake ilipata dola 145,000 ndani ya siku tisa. Januari 30 kasino ikamfungia mlango.

Safari hii hakuvaa ndevu. Alikwenda kwenye sheria. Tume iliyosimamia kasino za New Jersey ilikuwa upande wa kasino. Mwishoni mwa 1979 lilifanyika hata jaribio la muda mfupi la kuwaruhusu wahesabu karata wacheze ili ionekane wanaathiri kiasi gani. Uston akakata rufaa. Mahakama ya rufaa ya jimbo ikampa ushindi, kasino nayo ikapanda juu zaidi.

Mwaka 1982 Mahakama Kuu ya New Jersey ikatoa uamuzi wa mwisho: kasino haina mamlaka ya kumfukuza mtu kwa sababu tu anahesabu karata. Kanuni za mchezo wa 21 ziliwekwa na serikali kupitia tume yake, zikaandikwa mpaka namna ya kuchanga karata, na kama kuna wa kuzibadilisha ni tume hiyo. Mahakama ikasema pia kwamba mtu aliyefungua eneo lake kwa umma hawezi kuchagua wa kumtoa bila sababu ya msingi.

Mpaka leo New Jersey, mhesabu karata hatolewi kwa kosa la kuhesabu.

Ushindi mtamu, sivyo? Subiri.

Kasino zilichofanya baadaye

Tume iliwapa wenye kasino ruhusa ya kujilinda kwa njia nyingine. Wakaongeza pakiti. Badala ya karata 52 unakutana na pakiti sita au nane zimechanganywa pamoja, kiasi kwamba hesabu inachukua muda mrefu kupanda. Wakaanza kuzichanga upya mapema, kabla nyingi hazijatoka. Wakampunguzia mtu wanayemshuku kiwango cha juu cha dau. Huyo mtu anakaa, anakunywa maji, hakuna anayemgusa, na hapati kitu.

Yaani Uston alishinda haki ya kukaa mezani, na meza ikabadilishwa akiwa amekaa.

Maamuzi hayo yanaonyesha kasino inachokiogopa hasa. Hasara ya usiku mmoja haiwatishi. Mteja mmoja tajiri anaweza kushinda mamilioni kwa bahati na meneja akampa mkono na chumba cha bure, kwa sababu anajua atarudi na hesabu ya muda mrefu itamrudisha chini. Mhesabu karata anaweza kuwa ameshinda kidogo tu, hata kuwa amepoteza usiku huo, na bado akaombwa aondoke. Biashara nzima imejengwa juu ya jambo moja: ukicheza muda mrefu vya kutosha, nyumba inashinda. Huyu mmoja, ukimpa muda mrefu vya kutosha, nyumba inashindwa.

Na kuna kazi ya kuwatafuta. Kampuni ya upelelezi iliyoitwa Griffin, iliyoanzishwa mwaka 1967, ilikuwa inauzia kasino albamu za picha za matapeli wa karata, na wahesabu karata wakawekwa humo humo. Baadhi yao walikuja kuishtaki kwa kuwachafulia jina, wakashinda, na mwaka 2005 kampuni hiyo ikaomba kinga ya mufilisi.

Wa leo wana kazi ngumu zaidi ya Uston. Kuna kamera zinazotambua sura. Kuna mashine zinazochanga karata mfululizo, zinarudishwa hapo hapo baada ya kila mzunguko, na hapo hakuna cha kuhesabu. Meza nyingi zimepunguza malipo pia: dau la 10,000 lililokuwa linalipa 15,000 kwa ree na kumi sasa linalipa 12,000. Kukata hizo 3,000 peke yake kunaua karibu faida yote ya mhesabu.

Na kama unachezea mchezo wa 21 kwenye simu, ile ya kompyuta tupu isiyo na mgawaji wa kweli, karata kwa kawaida zinachangwa upya kila mzunguko. Hazina kumbukumbu, sawasawa na dubwi. Kwa hiyo jamaa anayekuuzia mbinu za kuhesabu karata kwenye grupu la WhatsApp ili ukapige hela kwenye simu yako, anayepiga hela hapo ni yeye. Hapa Tanzania kasino na michezo yote ya namna hii iko chini ya Bodi ya Michezo ya Kubahatisha, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003, na aliye chini ya miaka 18 haruhusiwi kabisa.

Pac-Man, Kuwait, Paris

Uston hakutulia hata kesi ikiendelea. Mwaka 1981 alitoa kitabu kikubwa cha kufundisha mchezo wa 21, ambacho wachezaji wanakisoma mpaka sasa. Kisha akageukia michezo ya video. Dunia ilikuwa imepagawa na Pac-Man, na Uston alifanya kile alichofanya kwenye karata: akakaa akaitazama mashine mpaka akajua mwendo wake, akachora njia, akaandika kitabu. Kiliuzwa kwa wingi na kuingia kwenye orodha ya vitabu vinavyonunuliwa zaidi Marekani. Inachekesha kidogo kwamba mtu aliyepigana miaka na kasino alipata wasomaji wengi kwa kufundisha watoto kukimbia vizuka kwenye skrini.

Akaandika pia vitabu vya kueleza kompyuta za nyumbani kwa watu wasiozijua, wakati kompyuta za nyumbani zilikuwa zinaanza. Baadaye akaenda Kuwait kufanya kazi ya ushauri wa mambo ya kompyuta. Kutoka San Francisco hadi Las Vegas, hadi Atlantic City, hadi Ghuba ya Uarabuni. Mtu aliyekuwa na kazi ya kudumu na marupurupu alimaliza maisha yake akihama hama.

Septemba 19, 1987, Uston alikutwa amefariki kwenye nyumba aliyokuwa amepanga Paris, Ufaransa. Alikuwa na miaka 52, sawa na idadi ya karata kwenye pakiti, jambo ambalo mashabiki wake hawachoki kulitaja. Ilielezwa kwamba ni moyo.

Timu hazikufa naye. Wanafunzi na wahitimu wa chuo cha MIT waliendesha timu zao kwa miaka mingi wakitumia mtindo ule ule wa Bosi na vijana wa kuhesabu, na hadithi yao ndiyo iliyozaa filamu ya 21 iliyotoka mwaka 2008. Ukiitazama, yule kijana anayetembea katikati ya meza akisubiri ishara anafanya kazi ya Uston. Aliyeibuni ni Francesco.

Majina ya wote wawili, Francesco na Uston, yaliingizwa pamoja kwenye kundi la kwanza la watu saba waliopewa heshima ya juu kabisa ya mchezo wa 21. Edward Thorp naye yumo. Heshima hiyo inahifadhiwa kwenye kasino ya Barona, karibu na San Diego, California. Kasino inawapa waheshimiwa hao chumba, chakula na vinywaji bure maisha yao yote. Sharti ni moja: wasiguse meza zake.